Vichwa vya Perege Juu ya Chanja

Kazi yangu ni kusaga ubongo wa samaki, na naipenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia hukunja uso, halafu huniuliza kwa huruma kama nilikosa kazi nyingine. Sikukosa. Nina chumba chenye madirisha mawili katika chuo kidogo hapa Makambako. Upepo unagonga vioo kutwa nzima, malori yanapita barabarani kuelekea kila upande wa nchi, nami nimekaa kwenye stuli yangu na kinu cha kioo kisichozidi kidole gumba, nasaga. Ubongo wa perege haufiki ukubwa wa punje ya hindi. Ukiusaga kwa pupa umeuharibu. Mimi ni mtu wa pupa katika kila jambo isipokuwa hilo, au ndivyo nilivyojidanganya mpaka mwaka ule samaki wa mama walipoanza kufa.

Mama anakaa Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe. Kwao ni Matamba, kule juu karibu na Kitulo, alikokulia kwenye pareto na viazi, na samaki hakuwajua ila wale wakavu wa sokoni. Bwawa alilichimba uzeeni, baada ya baba kufariki, pale bondeni palipokuwa na kinyungu chake, bustani ya kiangazi aliyokuwa akilima mchicha na kabichi. Ndugu zangu walimcheka. Aliyeshika jembe akachimba naye bega kwa bega ni jirani yetu wa shamba la juu, mwanamke aliyemzidi umri kidogo, ambaye mimi tangu utoto namwita mama mkubwa ingawa hatuna udugu wa damu. Wawili hao walipaliliana mashamba kwa zamu tangu mimi sijazaliwa. Kanisani walikaa benchi moja. Macho ya mama mkubwa yalishaanza kufifia, kwa hiyo mama humtangulizia maneno ya wimbo sikioni, mstari kwa mstari, na yeye huyapokea na kuyaimba kwa sauti nene inayosikika hadi barabarani.

Perege wa bwawa lile walikua polepole, maana Njombe ni baridi na samaki naye hujikunyata kama sisi. Lakini walikua. Mama aliwapenda kuliko kuku. Ndipo siku moja akanipigia simu, sauti imemkauka, akasema samaki wanaogelea kwa ubavu.

"Wanazunguka kama mlevi anayetafuta mlango," alisema. "Halafu wanatetemeka. Halafu wanakufa. Na jana yule wa juu alikuwa anapulizia viazi."

Nikaelewa mara moja alikokuwa anaelekea. "Mama, usiseme kitu kwanza. Nakuja."

Shamba la mama mkubwa liko juu ya bwawa, na mfereji unaoleta maji unapita kandokando ya matuta yake. Dawa za kuua wadudu wa viazi ziko za aina nyingi, na moja ya zile kali ninaifahamu vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilimweleza mama siku ile tukiwa tumekaa jikoni. Ndani ya ubongo wa samaki, nilimwambia, na ndani ya ubongo wako pia, kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kufagia. Mshipa wa fahamu ukipeleka ujumbe kwamba mkia uchezeshwe, ujumbe ukishafika lazima ufagiliwe, la sivyo mkia utacheza na kucheza bila kukoma. Dawa ile humuua mfagiaji. Samaki anatetemeka mpaka anachoka na kufa.

"Sasa utamwonaje huyo mfagiaji, na samaki ameshakufa?"

"Samaki anakufa, mama, ila mfagiaji wake haozi upesi, mradi umweke kwenye baridi. Nikisaga ubongo, naweka matone yangu ya kupimia. Mfagiaji akiwa mzima, maji yanageuka manjano. Akiwa ameuawa, yanabaki meupe."

"Kwa hiyo manjano ni uzima."

"Manjano ni uzima."

Alilipenda sana jambo hilo. Alinisaidia kuwatoa majini wale waliokuwa wakitapatapa, nikakata vichwa, nikavitia katika vikopo vyangu vyenye mifuniko, nikavipanga ndani ya boksi la barafu nililokuja nalo kutoka Makambako. Jua lilikuwa linazama na basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo nililala nyumbani. Asubuhi mama alinikabidhi boksi langu likiwa limefungwa vizuri kwa kanga, akanisindikiza hadi kituoni.

Nilipolifungua maabara, vikopo vilinuka moshi. Niliusikia moshi ule kwa pua yangu hii. Lakini kila kitu kinachotoka jikoni kwa mama kinanuka moshi: sweta, viazi, hata Biblia yake. Sikufikiri zaidi. Nilisaga, nikapima. Kwa kulinganisha nilisaga pia ubongo wa perege wazima wa bwawa la chuo chetu, waliotolewa majini asubuhi hiyohiyo. Wa chuo waligeuka manjano kama ute wa yai la kienyeji. Wa mama walibaki weupe kama maji ya kisima.

Sasa, mtu mwenye akili zake angeshtuka. Hata samaki aliyekunywa sumu hubakiwa na wafagiaji wachache. Weupe kabisa, bila hata dalili ya manjano, ni jambo la kutilia shaka. Ningekuwa namsahihisha mwanafunzi ningemwandikia kwa kalamu nyekundu, arudie. Lakini hawa walikuwa samaki wa mama yangu, na nilikuwa na hasira. Niliinua simu.

"Ni dawa ya shambani, mama."

"Nilijua," alisema, akakata.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, tena kwa fahari. Alipanda hadi kwenye matuta ya juu, akasimama mbele ya mwanamke aliyechimba naye bwawa, akamwambia, "Umeua samaki wangu. Mwanangu amepima." Mama mkubwa alitua bomba la mgongoni chini, akaingia nyumbani kwake. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga kwake tena, wala kikombe cha chai hakikuvuka mpaka.

Wiki tatu baadaye simu ikaita tena. Samaki wanakufa.

"Lakini si uliniambia mama mkubwa ameacha kupulizia?" niliuliza.

"Anapulizia kwa siri."

Nilifika Jumamosi mchana. Nikiwa bado kwenye njia ya bondeni nilimwona mama mkubwa juu katikati ya viazi vyake, ameinama, kopo la maziwa ya unga mkononi, anageuza majani na kuokota viwavi mmoja mmoja. Shamba lile ni kubwa. Macho yake ni yale niliyoyataja. Nilimwita, "Kamwene, mama mkubwa," naye akaitikia "Kamwene" kwa upole bila kuinua kichwa. Nilimuuliza mama ile ni nini, akasema ni unafiki. Moyoni kitu kilinichoma, ila nilikuwa bado najiamini. Niliwatoa samaki wengine, nikakata vichwa, nikapanga vikopo, nikafunika boksi.

Alfajiri niliamka kwa kiu, nikaenda jikoni. Moto ulikuwa unawaka vizuri, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akikuna nazi ya mgeni, kwa sababu mimi nikija huwa mgeni. Nikainua macho. Juu ya moto, kwenye chanja anakokaushia nyama na mahindi ya mbegu, vikopo vyangu vyote vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, vinafuka.

"Mama! Hivyo vinafanya nini huko?"

Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Si visiharibike. Nilifungua boksi nikakuta barafu imeshaanza kuyeyuka, maji yametapakaa. Nyama ikikaa kwenye maji si inaoza?"

"Na ile mara ya kwanza?"

"Nayo niliviweka. Nikavirudisha kabla hujaamka. Nilijua utaniona mama wa kizamani."

Niliketi chini, sakafuni. Kwetu, tangu zamani, chakula unachotaka kikae unakipandisha kwenye moshi. Baridi tunayo ya bure, inatugandisha vidole kila Juni. Nani atamwamini baridi amtunzie nyama? Mama alikuwa ametunza vichwa vya perege kwa njia bora kuliko zote anazozijua, na mfagiaji hapendi moto. Hakuuawa na dawa yoyote ya viazi. Alipikwa. Na mimi, mwenye cheti ukutani, nilinusa moshi nikaendelea na kazi.

Nilimfokea. Sijivunii hilo. Nilimwambia ameharibu kila kitu, naye akanijibu kwamba kama vitu vyangu haviwezi hata moshi basi havifai kupimia watu. Baadaye nikiwa kanisani nilikumbuka maneno hayo, nikaona alikuwa na haki kidogo.

Kanisani ndiko nilikoumia hasa. Mama alikuwa benchi letu la siku zote, peke yake, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa. Mama mkubwa alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango. Wimbo ulipoanza nilimsikia. Sauti ilikuwa ileile nene, lakini haikuwa na maneno. Alikuwa anavuma tu, mm, mm, mm, beti zote, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtangulizia mstari. Nililia wakati wa wimbo wa sadaka, wala si kwa sababu ya mahubiri. Mama aliniona, akadhani nimeguswa na Roho.

Baada ya ibada sikula. Nilitoa samaki wapya kwa mkono wangu, nikanunua barafu mjini, nikapanda basi la mchana na boksi mapajani, nikilikumbatia hadi Makambako. Jumatatu asubuhi nilisaga kama sijawahi kusaga, taratibu, kinu kikiwa kwenye barafu. Niliweka matone, nikangoja. Manjano ilianza kama kivuli, ikakolea, ikakolea tena, hadi nikashindwa kutofautisha samaki wa mama na samaki wa chuo. Nilirudia mara tatu. Manjano, manjano, manjano.

Mfagiaji alikuwa mzima. Dawa ile niliyomwekea mama mkubwa shingoni haikuwahi kugusa samaki hata mmoja.

Safari hii sikuinua simu. Niliomba ruhusa, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa Yakobi. Nilimwambia mama mambo mawili: kwamba tulikosea, na kwamba kitu kingine kinaua samaki, kwa hiyo anionyeshe kila kinachoingia bwawani kwa mkono wake au kwa mfereji. Alinuna, lakini alinionyesha. Samadi ya ng'ombe, ya zizi letu. Majani ya magimbi, ya pembezoni mwa bwawa. Pumba za mahindi, kutoka gunia la ghalani.

Magunia ya pumba nilimletea mimi. Zamani alikuwa akichukua pumba kidogo kidogo kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, karai moja kwa wiki. Mwaka ule nilijifanya binti mwenye kujali, nikampelekea magunia matatu kwa mpigo kutoka mashine za Makambako, asihangaike. Mama alichota bakuli, na ndani ya pumba nikaona vipande vyeupe vilivyonyauka, na vitu vya duara vya manjano kama vifungo vya shati la mtoto.

"Mama, haya maua ni ya nini?"

"Pareto. Ndugu zangu wa Ipelele waliniletea. Pumba zikikaa zinaingia wadudu, unajua. Mama yangu Matamba alikuwa anaponda pareto kavu anachanganya kwenye nafaka, hakuna fukusi anayesogea. Haidhuru. Tulikula sisi, wakala kuku, na hapa nipo."

Alisema kweli, mtu haimsumbui, wala kuku. Pareto huondoka mwilini mwao upesi. Lakini samaki hana uwezo huo. Kwake chembe tu inatosha kumvuruga mishipa, na mfagiaji anabaki palepale na ufagio wake, mzima kabisa, hajui la kufanya. Ndiyo maana hata kutetemeka kulifanana. Matamba kwa bibi hapakuwa na mabwawa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulijua hilo.

Sikumweleza. Maneno yangu yalikuwa yameshatuponza. Nilijaza ndoo mbili maji ya mfereji, nikatia perege watatu kila moja. Ndoo ya kwanza nikaweka pumba za gunia. Ya pili nikaweka pumba mpya nilizoomba kwenye mashine ya kijijini. Tukakaa kwenye majani tukaangalia. Tulimenya viazi tukiwa palepale, nikaenda kuvibandika jikoni. Kabla viazi havijaiva, samaki wa ndoo ya kwanza walilala ubavu, wakaanza kuzunguka. Wa ndoo ya pili walikuwa wanakula.

Mama aliangalia ndoo moja, akaangalia nyingine. Akavua kitambaa cha kichwa akakikunja mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, mama. Na mimi."

Aliinuka, akamwaga maji ya ndoo ya kwanza mbali na bwawa. Halafu akasema, "Lete vile vikopo vyako."

Nilivileta, viwili, vile vilivyopikwa, vilivyooshwa kwa sabuni na bado vinanuka moshi. Akachukua kimoja, akanipa kimoja, akaanza kupanda kuelekea shamba la juu. Nilimfuata nikijaribu kupanga maneno. Mama hakupanga. Alifika, mama mkubwa akiwa katikati ya tuta ameinama, akaingia tuta linalofuata, akageuza jani, akaokota kiwavi, akamtia koponi. Akasogea hatua moja. Akaokota mwingine.

"Dada," alisema mwishowe, macho chini, "ilikuwa pareto yangu."

Mama mkubwa alisimama akanyoosha mgongo. Sikuweza kungoja zaidi, unajua pupa yangu. Nikasema mimi ndiye niliyekosea, kwamba nilipima vibaya, kwamba hakuwa na hatia siku zote hizi, na kwamba hakupaswa kuacha kupulizia shamba lake na kujitesa hivi ili kutuonyesha kuwa ameonewa.

"Kuwaonyesha?" alishangaa. "Mwanangu, sikuwa nawaonyesha kitu."

"Sasa kwa nini uliacha?"

"Si ulisema ni mimi. Mtoto niliyembeba mgongoni hadi kliniki, amesoma, amepima kwa mashine, amesema ni mimi. Nikaamini. Nimekaa siku zote hizi nikijiuliza ni upepo ulioipeleka dawa kule chini, au ni macho yangu haya sikuona bomba linavuja. Nilikuwa namwomba Mungu anisamehe kwa samaki wa mwenzangu."

Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile. Nilisimama na kopo langu katikati ya viazi, machozi yananitoka, kamasi pia, mtu mzima. Mama alikuwa ameinama kabisa hadi uso wake hauonekani, mabega yanamcheza. Mama mkubwa alituangalia mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

"Haya, mmekuja kulia au kuokota?"

Tuliokota. Siku hizi mama hutandaza pumba zake juani badala ya kuzitia pareto, perege wamerudi kuwa wanene kiasi Njombe inavyoruhusu, na mama mkubwa amerudi benchi la mbele na sauti yake. Mimi narudia kila kipimo, hata kama kinanipendeza, hasa kikinipendeza. Maisha yangu ni mazuri, sina la kulalamika. Lakini nikifumba macho narudi kwenye alasiri ile. Mama alianza wimbo, tuta la pili, akitanguliza maneno kidogo kama zamani, na sauti nene ikayapokea kutoka tuta la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshawapita wote wawili kwa mbali, kopo langu karibu tupu, nikijisifu kwamba upande wangu viwavi ni wachache.

Mama mkubwa alikatisha wimbo.

"Wewe msomi," aliita. "Geuza na upande wa chini wa jani. Ndiko wanakokaa."

Nikarudi mwanzo wa tuta, nikaanza upya.